Mkoba wa Baba kwenye Meza ya Burgundi

Katika hoteli hiyo mhudumu hakuruhusiwa kusema kwamba mvinyo unanukia cheri, lile tunda la Ulaya. Sheria haikuandikwa popote. Aliitunga mkuu wa ghala la mvinyo, mzee mfupi mwenye miguu ya upinde ambaye wafanyakazi walimwita Kizibo, kwa sababu kumtoa neno kulihitaji nguvu na uangalifu. Baada ya kila karamu kubwa, wageni wakishaondoka, aliwakusanya wahudumu wake kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, akawamiminia matone yaliyobaki kwenye chupa, kila mtu kiasi cha kulowesha ulimi, kisha akauliza:

"Haya. Kunanukia nini?"

Mhudumu mpya, aliyetoka kukariri kitabu cha mafunzo, angejibu haraka: "Cheri, mzee. Cheri na uyoga wa msituni."

"Cheri umeila wapi?"

"Sijawahi kula, mzee."

"Basi hiyo harufu umemwibia nani? Mrudishie mwenyewe. Niambie kitu ulichokinusa wewe, kwa pua yako, ukiwa na akili zako timamu."

Ndipo walipoanza kusema. Mmoja alisema ubao wa darasa uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Mwingine alisema sanduku la bibi. Mpishi wa mikate, ambaye hata hakuwa mtu wa mvinyo, alisema shati la mjomba siku ya pili ya msiba, na Kizibo nusura atabasamu. Harufu hizo zilipelekwa ukumbini. Wageni, ambao walikuwa wamesikia habari za cheri katika kila hoteli waliyolala, walizipenda mno, na kwa namna hiyo karamu ya kila mwaka ya Burgundi, mvinyo wa Ufaransa, ikajipatia jina. Bei ya kiti kimoja wahudumu waliitaja kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mwanamke aliyeizoea sheria ya Kizibo kuliko wenzake wote aliitwa Pua. Jina alilipata siku zake za mwanzo, alipokuwa msimamizi wa glasi, pale aliposimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea akatangaza kwamba kuna mtu amebadilisha sabuni. Ilikuwa kweli. Ila ukweli kamili ni kwamba aliiona pakiti mpya dirishani. Kila akisifiwa kwa kisa hicho hukikanusha, na hakuna anayemsikiliza.

Alikuwa na cheti cha chuo cha hoteli, jozi mbili za viatu vya kazi alizozivaa kwa zamu, na mazoea ya kutojipaka manukato hata akienda harusini. Aliyekuwa mume wake aliishi mji mwingine na mke mwingine. Mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni mama yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, na mdogo wake wa kike, ambaye alimbeba mgongoni, akamsuka nywele za shule, na mwishowe akahangaikia harusi yake kuanzia viti hadi keki. Baba yao alikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Kazi yake ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia na kupigilia vigingi vya mipaka. Alifariki Pua akiwa bado shule ya msingi, na mdogo wake hata hatua hajazipanga vizuri.

Mume wa mdogo wake pia alikuwa mhudumu wa mvinyo katika hoteli hiyohiyo. Pua ndiye aliyemwingiza. Shemeji huyo alikuwa mpokea wageni mahali pengine, mshahara wake ukichelewa mara kwa mara, na Pua alimwendea Kizibo kwa niaba yake mpaka mzee akachoka kukataa. Wala hakuwa mzigo. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alimwita Pua "dada" nyumbani na kazini, ingawa kiumri walikaribiana, na mama mkwe alipokuwa na miadi kwa daktari wa macho, mara nyingi yeye ndiye aliyembeba kwenye ngazi.

Kizibo alipotangaza kwamba anastaafu, hakuna aliyeuliza nani atachukua nafasi yake. Walikuwa wawili tu, Pua na shemeji yake. Mwenye hoteli, mama wa makamo ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mama, alisema jambo hilo litaamuliwa kwenye karamu ya Burgundi. Wataamua yeye na Kizibo, jioni hiyohiyo, wakiwa wameketi mezani.

Pua aliitaka nafasi hiyo. Hakuificha hamu yake, wala hakuipigia kelele. Alikuwa ameshika ufunguo wa ghala kwa miaka, kila Kizibo alipougua, na kila mara aliurudisha. Alitaka safari hii asiurudishe.

Jumapili moja kabla ya karamu alikwenda kwa mdogo wake na kichupa kidogo cha dawa kilichooshwa. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya mvinyo mzee kuliko yote, ambao Kizibo alikuwa amefungua chupa yake moja kuujaribu. Walikaa jikoni. Shemeji alikuwa anakula, mdogo mtu anakunja nguo za watoto. Pua aliumimina kwenye kikombe cha chai, akakizungusha.

"Nataka mnisikilize," alisema. "Nikipewa nafasi ya kusema, nitausemea huu. Mniambie kama nazidisha."

"Sema, dada," shemeji alijibu, mdomo umejaa. "Sisi ndio wageni wenyewe hao, ila tu hatujalipa."

Pua akasema. Alisema baba yake alikuwa na mkoba wa ngozi. Msimu wa mvua alirudi kutoka porini akauweka nyuma ya mlango, na ndani yake mlikuwa na vigingi vya chuma, kamba, tumbaku yake, na udongo ulioganda kwenye mishono, udongo wa mashamba ya watu. Yeye, binti, aliufungua akaingiza kichwa chote. Na baba alimwambia: "Toka humo wewe, utakuja kupimwa ukawekewa kigingi."

"Huu mvinyo ni ule mkoba," alimalizia. "Chuma kilicholowa, ngozi, tumbaku. Na shamba la mtu mwingine."

Shemeji alikuwa ameacha kutafuna.

"Hii umewahi kuisema kazini?"

"Sijawahi. Hii siyo ya kutupatupa."

"Hata kwa Kizibo?"

"Hata kwake. Nilikuwa naiweka."

Mdogo wake alikuwa amelikumbatia shati la mtoto kifuani. "Kweli baba alikuwa anasema hivyo? Utawekewa kigingi?"

"Kila siku."

"Mimi hata sauti yake siikumbuki," mdogo alisema, akaendelea kukunja.

Katikati ya wiki iliyofuata Bosi Mama aliitisha kikao kifupi. Pua hakuwepo, alikuwa kwa daktari wa macho na mama yake, maana safari hiyo shemeji alisema hawezi kutoka kazini. Jioni shemeji alimfuata kwenye chumba cha glasi, akaegemea mlango, amejaa tabasamu.

"Dada, kaa kitako nikwambie."

"Nina glasi mkononi. Sema."

"Bosi anataka wewe ukae mezani."

"Mezani wapi?"

"Mezani, dada! Na wageni. Na kisu na uma. Kuna mgeni ameghairi na kiti chake kimeshalipiwa. Bosi kasema, mkubwa akae, mdogo asimame afanye kazi."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Sasa jiongeze mwenyewe. Mtu akikalishwa hatua chache kutoka kwa bosi, jioni ya kuchagua mkuu, huyo ni nani?" Akacheka. "Ukishakaa juu huko usitusahau sisi wanyonge."

Pua aliuliza ni nani, basi, atausemea mvinyo. Shemeji alisema ni yeye, ila asiwe na wasiwasi, atasema mambo yake madogomadogo ya betri ya tochi na udongo wa chungu, kusogeza tu wakati. Aliyasema hayo akimwangalia usoni. Ni mtu anayejua kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini Pua hakuwa na sababu ya kumdhania hivyo siku hiyo. Alikwenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba mambo yanaelekea vizuri.

Gauni lilitoka kwa mdogo wake. Lilikuwa la kijani, la sherehe, lililombana Pua kidogo mabegani. Mdogo alimfunga zipu polepole, akamkalisha, akamrekebisha kola. Kwa kawaida alikuwa na maneno mengi. Siku hiyo alisema tu, "Umependeza, dada," akaenda kumtazama mtoto ambaye hakuwa analia.

Karamu ilianza jua likiwa bado madirishani. Meza ilikuwa moja, ndefu, kitambaa chake kimefuliwa bila kiwinguwingu cha harufu, na mbele ya kila mgeni glasi zilisimama kwa safu kama wanafunzi paredini. Palikuwa na mkate wa kusafishia ulimi na chombo cha kutemea kwa wale wanaotema. Wengi hawakutema. Kwa bei ile, alisema daktari mmoja wa upasuaji, hata kulia wangelia kwa ndani.

Pua aliwekwa karibu na kichwa cha meza. Kushoto kwake alikaa Kizibo, mgeni wa heshima, amevaa suti ambayo ni wazi ilinunuliwa kabla hajanenepa. Mbele yake alikaa mama mwenye nywele nyeupe anayemiliki kiwanda cha saruji, mnunuzi mkubwa wa mvinyo wa hoteli hiyo na rafiki wa miaka mingi wa Bosi Mama. Alimsalimu Pua vizuri, akamwambia, "Mimi mwanangu usinitegemee. Pua yangu inasikia bei tu."

Mwanzoni Pua hakujua mikono yake aiweke wapi. Glasi ya kwanza ilipomalizwa na jirani yake, mkono ulikwenda wenyewe kuiondoa. Mhudumu aliyekuwa anapita, msichana ambaye Pua mwenyewe alimfundisha kazi, alimwinamia sikioni.

"Dada, ukigusa tena hiyo glasi nakushtaki kwa bosi."

Akacheka, mabega yakamshuka. Ukaja mvinyo mweupe na samaki, ukaja mwingine mweupe, ukaja mwekundu wa kwanza na bata wa kubanika. Shemeji alisimama kwenye meza ya pembeni, shati limenyooka, akaongoza kila chupa kwa sentensi chache. Betri ya tochi ilikuwepo. Udongo wa chungu ulikuwepo. Alimimina bila kudondosha, aliwafikia wanawake kwa upande wa kulia, alijua lini anyamaze. Pua, aliyemfundisha kushika chupa kwa kitako, aliona anafanya vizuri na akafurahi kwa ajili yake. Alikuwa tayari anampangia kazi katika ghala litakalokuwa lake.

Sahani za bata zilipoondolewa, Kizibo aliinama upande wake.

"Wewe umechoka nini?"

"Nimechoka? Hapana, mzee."

"Sasa mbona ulikataa kusema?"

Pua alidhani hakusikia vizuri. "Kukataa nini?"

"Kusimama pale. Shemeji yako katwambia umeomba kiti. Eti mbele ya watu unatokwa jasho."

"Mzee, si bosi aliyenichagulia kiti?"

"Bosi?" Kizibo akafuta mdomo. "Bosi alisema mpangane wenyewe, mmoja aseme, mmoja akae. Ukachagua kukaa. Mimi nilikuwa nimekuweka wewe akilini, nisikufiche. Lakini ghala lile linahitaji mtu wa kuongea. Asiyeongea hawezi kuliuza."

Pua aliweka kisu juu ya sahani, akahakikisha hakilii. Akamtazama shemeji yake. Alikuwa ameshika chupa ya mwisho juu ya mshumaa, akiangalia mashapo yasifike shingoni wakati akiuhamishia mvinyo kwenye chombo cha kioo. Ni kazi inayotaka macho yote mawili, lakini aliinua jicho moja, akamwona Pua anamtazama, akatabasamu. Uso wa Pua ulijibu tabasamu hilo bila ruhusa yake. Bado alikuwa anamtafutia udhuru. Huenda hakumwelewa bosi. Huenda kikao kilikuwa cha haraka. Alijiambia kwamba, mvinyo huu ukishapita, atanyanyuka aende alipo Bosi Mama amnong'oneze maneno mawili, na mambo yatakaa sawa.

Shemeji akamimina mvinyo mzee kwa kila mgeni. Alipofika kwa Pua alimimina kidogo zaidi kuliko kwa wengine. Kisha akarudi mahali pake, akakunja mikono mbele, akasubiri ukumbi utulie.

"Huu," alisema, "sitausemea kama ile mingine. Baba alikuwa na mkoba wa ngozi."

Akaendelea. Vigingi vya chuma. Kamba. Tumbaku. Msimu wa mvua, nyuma ya mlango. Hakubadilisha chochote isipokuwa kichwa kilichoingia mkobani, ambacho sasa kilikuwa cha mvulana. Alikuwa ameongeza jambo moja tu, kimya kifupi kabla ya maneno ya baba, na Pua, aliyekuwa ameyasema maneno hayo jikoni kwa mkupuo, alitambua kwamba kimya hicho kilikuwa mahali pake hasa.

"Baba akawa ananiambia: Toka humo wewe. Utakuja kupimwa ukawekewa kigingi."

Wageni wakacheka, kile kicheko cha chini kinachokaribia machozi. Katika maneno yote hayo shemeji hakuangalia upande wa Pua hata mara moja. Hapo udhuru wote aliokuwa anamtafutia ukaisha. Mtu aliyekosea angemwangalia.

Kizibo alikuwa amefumba macho, pua ndani ya glasi. "Umeona?" alimnong'oneza. "Hii ni yake mwenyewe. Hii hakuitoa kitabuni."

Mama wa saruji alikuwa anajifuta chini ya jicho kwa ncha ya kitambaa. Alimgeukia Pua kwa upole mkubwa.

"Wewe si ndiye shemeji yake? Nimeambiwa. Huyo mzee mwenye mkoba ulimfahamu?"

Meza nzima ikamtazama. Bosi Mama alikuwa anatabasamu, glasi mkononi. Pua alijua kwamba akisema hapana, jambo litapita, na kwamba akisema ndiyo na kunyamaza, litapita vilevile. Na alijua ni mkate wa nani uko mezani. Wa dada yake mdogo, wa wale watoto ambao nguo zao zilikunjwa jikoni.

"Nilimfahamu," alisema. "Alikuwa baba yangu mimi."

Uma wa mtu uligonga sahani. Tabasamu la Bosi Mama lilibaki mahali pake lakini halikuwa na mwenyewe. Kwa muda mfupi sana mambo yangeweza kwenda upande wowote, na Pua alivuta pumzi aseme yaliyobaki.

Shemeji aliweka mkono kifuani, akacheka taratibu.

"Sasa jamani, baba mkwe si baba? Mimi nilipooa sikupewa mke peke yake. Nilipewa na baba."

Ukumbi ukapumua, kisha ukapiga makofi. Mtu alisema, "Safi sana!" Mama wa saruji alimtazama Bosi Mama, macho yamemlowa kabisa sasa. "Vijana wangapi wa siku hizi wanawasemea wakwe zao hivyo? Wangapi?"

"Hakuwahi kumwona," Pua alisema. "Baba alikufa mdogo wangu hajui hata kutembea."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini makofi yalikuwa bado hayajaisha, na sentensi ile ilifika kwa mtu mmoja tu. Kizibo alimtazama. Akaitazama glasi yake. Kisha akanywa, akaiweka chini, akaanza kumuuliza yule daktari wa upasuaji, jirani yake wa upande wa pili, habari za miguu yake.

Uamuzi ulitangazwa pamoja na jibini. Bosi Mama alizungumza vizuri na kwa ufupi. Kizibo alitoa ufunguo wa ghala mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mkuu mpya, na kila mtu akasimama. Pua pia alisimama, kwa kuwa kubaki amekaa kungehitaji maelezo.

Kwenye korido ya makoti alimkuta Kizibo anahangaika na mkono wa koti lake. Akamsaidia kuuingiza.

"Mzee. Sheria ilikuwa yako."

Kizibo alijifunga vifungo kuanzia chini. "Mimi nimestaafu tangu jibini lilipoletwa," alisema. Baada ya kifungo cha mwisho aliongeza, bila kumtazama: "Na mvinyo umeuzwa wote, Pua. Masanduku yote. Unataka niwarudishie watu hela kwa ajili ya mkoba?"

Kesho yake asubuhi Pua alilirudisha gauni. Shemeji alikuwa ametoka na watoto, au ametolewa. Mdogo wake alilipokea mlangoni, akalinusa kwapani kwa mazoea, akaona aibu, akaliweka kitini.

"Utakunywa chai?"

"Ulijua?"

Mdogo wake alikaa. Alikuwa na uso wa baba yao, hasa paji. Yeye mwenyewe hakuwahi kulijua hilo isipokuwa kwa kuambiwa na Pua.

"Aliniomba," alisema. "Aliniuliza kama anaweza kuitumia habari ya mkoba. Nikamwambia aitumie. Baba siyo wako peke yako. Ni wangu pia."

"Ni wako. Sijakataa. Habari ya kiti je?"

Mdogo wake akalivuta gauni kitini, akaanza kulikunja.

"Nakuuliza habari ya kiti. Ulipokuwa unanifunga zipu, ulijua kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kusimama pale?"

"Alisema wewe ungeshinda."

"Kwa hiyo ulijua."

"Dada, sisi tuko watano hapa ndani! Watano. Wewe hicho cheo ungekifanyia nini? Ungekwenda nacho wapi? Uko peke yako."

Neno hilo lilipokwisha kutoka, mdogo mtu aliliona limetoka, na mkono wake ulikwenda mdomoni umechelewa. Pua alikuwa amesikia maneno ya aina hiyo kwa watu wengine, kwa wifi wa zamani, kwa majirani, na alikuwa na namna yake ya kuyapitisha. Kwa mdogo wake hakuwa na namna. Hakuwahi kuiandaa.

"Nilikuwa peke yangu," alisema, "siku nilipokubeba."

"Najua."

"Hapana. Hujui. Nilikusimulia, ndiyo maana unadhani unajua."

Mdogo wake akaanza kulia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Na mimi nilitaka kitu cha baba," alisema. "Wewe unavyo vyote. Sauti unayo wewe, mkoba unao wewe, kila kitu mpaka nikuombe. Jumapili ile ulipoondoka, mume wangu kanisimulia tena, na tena, mpaka ikawa kama nilikuwepo. Usiku nililala nimeridhika, dada. Unanielewa? Nililala kama mtu aliyekuwa na baba."

Pua alimwelewa. Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya yote. Shemeji mtu alikuwa ametenda kwa ajili ya cheo, na cheo kina mwisho wake, lakini huyu alikuwa ametenda kwa njaa ambayo Pua aliilisha kwa mkono wake mwenyewe tangu utotoni, kijiko kwa kijiko, akidhani anamtuliza. Aliinuka akaenda. Chai hakunywa. Mama yao, alipouliza mchana kwamba mambo yameendaje, aliambiwa kwamba chakula kilikuwa kizuri na samaki alikuwa laini, na huo haukuwa uongo.

Wengine walitegemea ataacha kazi. Yule msichana wa glasi alimshauri waziwazi: "Dada, hoteli ni nyingi, ondoka na heshima yako." Pua alijibu kwamba heshima hailipi daktari wa macho, akaingia kazini siku yake ya zamu, na viatu vilivyokuwa kwenye zamu. Yeye na mkuu mpya walisalimiana. Hakuna aliyewaona wakigombana, wala hawakugombana.

Wiki hazikupita nyingi kabla ya mama wa saruji kuagiza karamu yake mwenyewe, ya watu wake, kwa mvinyo wa Burgundi kutoka vijiji vingine, maana ule mzee ulikuwa umekwisha kuuzwa, na kwa sharti kwamba asemaye awe "yule kijana wa mkoba". Ilikuwa asubuhi, ukumbi haujafunguliwa. Mkuu mpya aliwaita wahudumu kwenye chumba kidogo cha nyuma, akafungua chupa moja ya majaribio, akamimina. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya Kizibo mwisho wa meza. Kila mmoja alisema lake, na hakuna lililomtosha. Alikuwa na wasiwasi, na jasho lilimkaa juu ya mdomo. Mwishowe akamsogezea Pua glasi.

"Dada," alisema, kwa ile sauti nzuri. "Hebu. Kunanukia nini?"

Pua aliichukua. Aliizungusha, akaiinamia, akavuta pumzi ndefu, na wote waliokuwa pale waliona kope zake zikitulia kama za mtu aliyeitwa kwa jina na watu wa nyumbani. Kumbukumbu ilikuwa imekuja mara moja, nzima, na chumba chake na mwanga wake na mtu aliyekuwa ndani yake. Alikaa nayo hapo kwa muda, macho yamefumbwa, hana haraka.

Kisha akaiweka glasi mezani.

"Mvinyo mwekundu," alisema.

"Dada, jamani. Watu wanasubiri."

"Nimekwambia. Ni mwekundu. Mengine soma kwenye lebo."

Akachukua kitambaa chake begani, akawapita wenzake wawili waliokuwa mlangoni, akaenda kufuta glasi za ukumbini.